Uzi wa picha za makro (za vitu vidogo kwa karibu sana): mbona rangi ya mdudu niliyemwona siyo iliyoko kwenye picha?

Kerengende_Samawi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, leo acha nilimwage hapa. Picha za wadudu zinazopandishwa siku hizi ni kali kweli: unahesabu vinyweleo vya mguu wa nyuki, unaona kila kijumba cha jicho la inzi. Shida ni rangi. Panzi wa kijani kibichi anatoka wa njano ya jani lililokauka, kipepeo mweupe anatoka na ubuluu, na mbawakawa wa kung'aa wote wanafanana utadhani walichovywa kopo moja. Mtu akiuliza anaambiwa aongeze ukolezo wa rangi kwenye programu. Mimi nasema rangi ya mdudu hupatikana au hupotea kabla hujabonyeza kitufe. Kwenye kompyuta unamalizia tu.

Nilijifunza kwa nyigu mmoja. Wapo nyigu wadogo wa familia ya Chrysididae, wale wanaotaga kwenye viota vya nyuki na nyigu wenzao. Huyu nilimkuta alfajiri amelala kwenye bua kavu, bado ana umande. Kichwa na mgongo samawati inayoelekea kijani, tumbo jekundu kama shaba iliyosuguliwa. Nikampiga na flashi ndogo, tupu, iliyokaa juu ya kamera. Nilipofungua picha nikaona mwili mweusi, vidoa viwili vyeupe vilivyoungua, na mstari mwembamba wa kijani begani. Nikahangaika na programu saa nzima. Weusi ukawa kijivu, rangi haikuja.

Siku ya pili nikampata mwingine wa aina ileile. Safari hii nilikunja karatasi laini ya sponji nyeupe, ile inayofungiwa vyombo vya kioo visivunjike, nikaitandaza kama paa kati ya flashi na mdudu. Kamera ileile, lenzi ileile, namba zilezile. Rangi ikajaa mwili mzima, hadi vishimo vya mgongoni vikaonekana kila kimoja na samawati yake.

Kilichobadilika ni upana wa mwanga. Sababu ni hii. Wadudu wana rangi za namna mbili. Ya kwanza inatokana na pigmenti, kama melanini inayotoa weusi na kahawia, au karotenoidi zinazotoa njano na wekundu. Hizo hubaki zilezile ukimtazama mdudu kutoka upande wowote. Ya pili haina rangi ya kupaka ndani yake. Ngozi ya mdudu imepangwa matabaka membamba mno, membamba kuliko hata wimbi la mwanga, na matabaka hayo hurudisha rangi moja na kuzifanya nyingine zifutane. Ubuluu wa vipepeo wa Morpho ni wa jinsi hiyo. Magamba yao ukiyalowesha kwa spiriti yanageuka kijani, yakikauka ubuluu unarudi, kwa sababu kilichokuwa kimejaa hewa kati ya matabaka kimejaa kimiminika.

Sasa mdudu wa namna ya pili ni kioo kinachochagua rangi. Na kioo huonyesha kilicho mbele yake. Ukikiwekea kijitaa kimoja na giza pande zote, kitakuonyesha kijitaa na giza. Ndiyo ile picha yangu ya kwanza. Ukikiwekea anga pana jeupe, kinakujaza rangi. Kwa hiyo difyuza, yaani kile kitandazo cha kulainisha mwanga, kwenye kazi hii ni sehemu ya rangi yenyewe, na ukubwa unaohesabika ni ule anaouona mdudu: kipande cha upana wa kiganja kikiwa sentimita tano kutoka kwake ni anga nzima, kipande hichohicho kikiwa nusu mita ni kidoa.

Karibuni tuchangie. Kama kuna nilipoteleza, nisahihisheni.

---

Lenzi_Ndefu

Mkuu, hapo kwenye upana wa mwanga sina la kuongeza. Ila umeruka mizani ya weupe, yaani ule mpangilio unaoiambia kamera nyeupe ni ipi, na huko ndiko wengi tunakozama.

Kamera ikiachiwa ijiamulie yenyewe, inakisia kutokana na kilichojaa kwenye fremu. Kwenye makro fremu nzima inaweza kuwa jani. Kamera inaona kijani kila mahali, inadhani ni kasoro ya mwanga, inamwaga majenta (waridi-zambarau) kukiondoa. Panzi anafifia, jani linakuwa la ugonjwa. Fremu inayofuata umesogea kidogo, ua la njano limeingia, inakisia vingine. Sasa chukua fremu arobaini za kuunganisha ili mdudu awe mkali mwili mzima, halafu kila moja ina rangi yake. Funga mizani kwenye namba moja, na upige RAW, faili la data ghafi ya kamera. Kwenye RAW mizani ni maagizo yaliyoandikwa pembeni ya data, unaibadilisha baadaye bila kuumiza kitu. Kwenye JPEG imeshapikwa ndani.

Tena watu wanajua ile mizani ya Kelvin peke yake: jua la mchana karibu 5500, kivulini 7000 na kupanda. Hiyo inavuta kati ya buluu na njano. Kuna ya pili inayovuta kati ya kijani na majenta, na hiyo ndiyo unayoihitaji chini ya miti. Mwanga uliopenya majani umeshachujwa, unafika ukiwa wa kijani. Uzungushe Kelvin mpaka kesho, kijani hakitoki.

---

Mgeni_Makro

Habarini za wakati. Mimi ni mgeni kwenye fani, nina miezi minne. Nimesoma mahali kwamba dawa ya mizani ni kadi ya kijivu. Lakini wakuu, mdudu gani atakaa anisubiri nimwekee kadi puani? Vipepeo wangu wanaondoka hata pumzi ikiwafikia. Na karatasi nyeupe ya kuchapia haiwezi kufanya kazi ya kadi?

---

Kerengende_Samawi

Karibu sana, ndugu. Swali zuri.

Karatasi ya kuchapia iache. Nyingi zimetiwa kemikali ya kung'arisha inayomeza mwanga wa urujuanimno na kuutoa tena kama buluu. Ukiipa kamera karatasi hiyo kama kipimo, itadhani mwanga una buluu nyingi na itakurushia njano kwenye picha zote. Tafuta kadi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, isiyoelemea rangi yoyote.

Kuhusu mdudu kukimbia: kadi haihitaji kuwa naye, inahitaji kuwa chini ya mwanga uleule. Na kwenye makro ya flashi mwanga unauamua wewe. Fanya jaribio hili. Weka kasi 1/200, tundu la lenzi f/11, unyeti ISO 100, kaa kivulini, zima flashi, piga. Ikitoka nyeusi tii, maana yake jua na majani hayachangii kitu, kila kitakachoonekana kimeletwa na flashi. Basi kadi unaipiga nyumbani usiku ukipenda: flashi ileile, difyuza ileile, umbali uleule, na nguvu ya flashi unayoitumia mara nyingi, kwa sababu flashi hubadilika rangi kidogo nguvu ikipanda au kushuka. Pata namba, ifunge, tembea nayo. Mimi yangu sijaigusa tangu nilipobadilisha difyuza mara ya mwisho.

Pale unapochanganya, flashi kidogo na mwanga wa kivuli kidogo, ndipo pagumu. Taa mbili za rangi mbili: mgongo una rangi ya flashi, tumbo lina rangi ya kivuli, na hakuna namba moja inayoziridhisha zote. Wengi wanachanganya kwa kuogopa mandhari meusi nyuma ya mdudu. Weusi ule unatokea kwa sababu flashi haifiki mbali. Sogeza jani au ua likae sentimita chache nyuma yake, flashi italimulika nalo, na rangi itabaki ya taa moja.

---

Asubuhi_Umande

Naomba niweke ushuhuda wangu, huenda ukamwokoa mtu.

Kwa muda wa karibu mwaka vipepeo wangu weupe walikuwa wakitoka na unjano hafifu. Nilidhani ni lenzi, nikadhani ni sensa, nikafikia hatua ya kutaka kuuza kamera. Siku moja difyuza yangu ya plastiki ilipasuka, nikakata mpya kutoka kwenye shiti lilelile nililokuwa nimelihifadhi kabatini. Nilipoziweka pamoja dirishani nilisimama tu nikitazama. Ya zamani ilikuwa imegeuka njano kabisa kwa kupigwa na jua, polepole, kiasi kwamba sikuwahi kuiona ikibadilika. Macho huzoea. Ukikaa chini ya mwanga wa njano dakika chache, ubongo unautangaza kuwa mweupe. Kamera haina ubongo huo.

La pili ni shati. Nilikuwa na shati jekundu nililolipenda kwa kazi za nje. Kwenye makro uso wako uko sentimita thelathini kutoka kwa mdudu, na flashi inalimulika shati kabla hujajua. Mbawakawa weusi wanaong'aa walikuwa wakitoka na wekundu ubavuni, nikawa nauandika kama rangi yao! Ukikuza picha kwenye ile kingo nyororo ya bawa gumu, unaliona shati lenyewe, dogo, limejikunja, hata mstari wa vifungo. Siku hizi navaa kijivu au nyeusi, na mkono wangu wa kushoto ninaoshikia bua nauvika glavu ya kijivu.

---

Jicho_la_Pili

Mnanisamehe, wakuu, lakini nahisi mnajifunga kamba. Picha ni kazi ya sanaa. Mimi nikiongeza ukolezo na kipepeo akawaka, watu wanafurahi. Nani alikuwepo shambani apime kwamba buluu yangu imezidi?

---

Bibi_Mbawakawa

Jicho_la_Pili, mdogo wangu, nakujibu kwa heshima kwa sababu hoja yako naisikia mara nyingi.

Kazi yangu ni kutambua wadudu, nyingi ya siku naletewa picha. Kuna aina ambazo mwili ni uleule, ukubwa ni uleule, na tofauti ya kwanza unayoiona ni mstari wa krimu dhidi ya mstari wa njano. Ukiongeza ukolezo, krimu inakuwa njano na mdudu wako amehamia aina nyingine. Umeniletea mdudu asiyekuwepo. Kama picha ni ya kutundika ukutani, ipambe utakavyo na useme hivyo. Ukiandika jina la mdudu chini yake, umeshatoa ushahidi.

Halafu wengine hupiga wadudu waliokufa kwa sababu hawatikisiki. Kwa rangi, hapo mnajipotosha. Kijani cha panzi na vunjajungu wengi hakitokani na klorofili ya majani wanayokula kama watu wanavyodhani. Ni mchanganyiko wa pigmenti ya buluu jamii ya nyongo na karotenoidi za njano. Akifa, mchanganyiko unavunjika, anageuka njano au kahawia. Kerengende wengi wanazama weusi ndani ya siku chache. Wale inzi wanaonyonya damu ya ng'ombe wana macho yenye mistari ya kijani, zambarau na shaba, matabaka yaleyale aliyoeleza mleta uzi, na jicho likikauka mistari inafutika.

Hata aliye hai anaweza kukubadilikia. Wapo mbawakawa-kobe wa Amerika, jenasi Charidotella, wanaong'aa kama dhahabu kwa sababu matabaka ya gamba lao yamelowa. Ukiwasumbua, maji yanaondoka kwenye matabaka, ule mng'ao wa dhahabu unaisha na wanabaki wekundu. Mpiga picha anayemshika kwanza halafu akampiga, kapiga rangi ya mdudu aliyeghadhibishwa. Siyo uongo, lakini andika hivyo.

Na mabawa ya inzi mnayoyaita hayana rangi: yaweke mbele ya kitu cheusi, umulike kwa mwanga mpana. Utaona upinde wa mvua uliopangika. Mpangilio huo ni wa kila aina kwa namna yake, na wataalamu wanautumia kuwatofautisha. Nyuma pakiwa peupe, hauonekani. Haya, sasa rangi ya asili ya bawa lile ni ipi, ile ya mbele ya weupe au ya mbele ya weusi? Zote ni zake. Ndiyo maana naomba watu waandike mwanga walioutumia.

---

Lenzi_Ndefu

Dada, shukrani kwa hiyo ya mabawa, leo nimepata kazi ya wikiendi.

Swali kwa wote: vipi kuhusu polaraiza, kile kichujio kinachopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu? Kuna wanaoweka kichujio kimoja kwenye flashi na kingine kwenye lenzi, wakavikinzanisha ili mng'ao mweupe upotee. Kwenye majani na kwenye viwavi nimeona kinafanya maajabu, rangi inatoka safi. Kwenye mbawakawa wa kijani nikapata mdudu mweusi.

---

Kerengende_Samawi

Ndivyo itakavyokuwa mara nyingi, mkuu. Ile njia inafuta mwanga uliorudishwa moja kwa moja na juu ya ngozi, inauacha ule ulioingia ndani ukatawanyika. Kwa mdudu wa pigmenti, mng'ao wa juu ni pazia na rangi iko chini yake, kwa hiyo ukiondoa pazia umefaidi. Kwa mdudu wa matabaka, mng'ao ndiyo rangi. Ukiufuta umemfuta.

Na kuna mbawakawa walio na maajabu zaidi. Mwaka 1911 Albert Michelson, yule mwanafizikia aliyepima kasi ya mwanga, aliandika kuhusu mbawakawa wa rangi ya metali ambaye mwanga anaourudisha umejizungusha kama parafujo, kuelekea upande mmoja. Jamaa zake wengi wa jenasi Chrysina ni hivyohivyo. Ukiwatazama kwa ile miwani ya sinema ya 3D inayotumia mwanga wa kuzunguka, ukafumba jicho moja kisha jingine, upande mmoja anawaka na upande mwingine anazima. Kichujio cha kawaida cha lenzi ukikizungusha hakikupi tofauti hiyo.

Nirudi kwa Jicho_la_Pili kidogo, kwa sababu kuna jambo la kiufundi ndani ya swali lake. Rangi kali za wadudu hawa tayari ziko ukingoni mwa kile ambacho skrini zetu zinaweza kuonyesha. Kipimo cha sRGB, kinachotumika karibu kila mahali mtandaoni, kilitengenezwa mwaka 1996 kwa kufuata skrini za wakati ule. Zipo buluu na kijani za metali ambazo hazimo ndani yake kabisa. Ukiongeza ukolezo hapo hupati buluu zaidi. Chaneli ya buluu (moja ya rangi tatu zinazounda picha) inagonga dari, na mikunjo na magamba yote yanakuwa bapa moja la rangi. Wekundu nao ni hivyohivyo: mbawakawa mwekundu mwenye madoa meusi, histogramu ya jumla, ile grafu ya mwangaza, inakuambia kila kitu salama, kumbe chaneli nyekundu imeungua zamani. Fungua histogramu ya chaneli moja moja, na kwa mdudu mwekundu punguza mwangaza kama theluthi mbili za stopu (stopu moja ni mwanga kupungua kwa nusu). RAW itakuvumilia ukija kuinua vivuli.

Mwenye kutaka usahihi zaidi, kuna kadi ya vibao 24 vya rangi, asili yake ni mwaka 1976. Unaipiga mara moja chini ya mwanga wako, programu inalinganisha kamera ilivyoona na vilivyo kweli, inakutengenezea profaili, yaani maelekezo ya kusahihisha rangi za kamera yako. Kwangu tofauti kubwa niliiona kwenye kijani cha njano na kwenye zambarau. Ile mipangilio ya kamera inayoitwa ya rangi kali iacheni kwa kazi nyingine.

---

Jicho_la_Pili

Hiyo ya chaneli kugonga dari imenigusa, mkuu. Nimefungua picha yangu ya kipepeo niliyokuwa naitetea moyoni. Bawa zima ni bapa. Narudi kwenye faili la RAW nianze upya. Na Bibi, nimekuelewa, nitaandika.

---

Mgeni_Makro

Wakuu, nimerudi na mrejesho wa wiki mbili.

Nimefanya jaribio la kuzima flashi: yangu haikuwa nyeusi, kulikuwa na kivuli cha kijani kinaonekana. Nikashusha ISO mpaka 100, ikazima. Nikapiga kadi na difyuza ya sponji, nikafunga namba. Picha ya kwanza ilikuwa ya vunjajungu mchanga kwenye jani pana, nikaiweka kwenye skrini pembeni ya kumbukumbu niliyoiandika kwenye daftari nikiwa bado namtazama: "mgongo kijani cha ganda la ndizi mbichi, magoti waridi hafifu, macho krimu." Vyote vitatu vipo. Sikugusa ukolezo.

Kimebaki kimoja kinachonisumbua. Chini ya tumbo kuna kijani ambacho nina hakika si chake, kwa sababu alipopanda kwenye bua la kahawia tumbo lilikuwa jeupe. Nikijaribu kukiondoa kwa mizani, mgongo unaharibika. Nifanyeje?

---

Kerengende_Samawi

Umenifurahisha na hilo daftari, ndugu. Mimi nilichukua miaka kulifikiria.

Hicho kijani ni cha jani. Flashi imelipiga jani, jani limerudisha mwanga wake juu tumboni. Mizani haiwezi kukitoa kwa sababu mizani inarekebisha taa yako, na hiyo ni taa ya pili, ndogo, iliyoko chini yake. Ukitaka picha ya kutambulia mdudu, tumia ile ya kwenye bua, au siku nyingine telezesha kipande cha kadi nyeupe juu ya jani, mbele ya miguu yake, nje ya fremu. Lakini kwenye picha hii ya jani usikifute. Alikuwa amesimama pale, na ndivyo tumbo lake lilivyokuwa.